Viatu vya Kūkai viko chini ya kiti: uzi kuhusu picha za waasisi wa Shingon

Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu nilipoishi Kyoto kimasomo. Ni picha za watawa walioasisi Shingon, ile elimu ya batini ya Ubudha wa Japani. Najua kwa wengi wetu ni dini ya mbali. Naomba mnivumilie, maana kwangu hizi si picha za kupita nazo haraka.

Naanza na viatu. Chukua picha ya Kūkai, mwasisi wa Shingon nchini Japani, aliyezaliwa mwaka 774 na ambaye Wajapani humwita Kōbō Daishi. Picha zake ni nyingi mno, na karibu zote zinafanana. Amekaa kwenye kiti kipana cha mbao chenye egemeo, miguu ameikunja juu ya kiti. Mkono wa kulia uko kifuani, umeshika vajra, kile chombo kifupi cha shaba chenye ncha tano kila upande. Mkono wa kushoto umetua pajani na tasbihi. Uso umegeuka kidogo. Kisha shusha macho. Chini ya kiti kuna chombo cha maji, na kuna jozi ya viatu imepangwa vizuri.

Mara ya kwanza sikuviona. Mara ya pili vikanishika. Kwetu ukifika nyumbani kwa mtu ukakuta viatu vyake mlangoni, huulizi kama yupo. Mchoraji aliyeweka viatu pale anasema hivyo hivyo: mwenyewe yupo, amevua viatu, amekaa.

Na ndivyo anavyohudumiwa. Katika hekalu la Tō-ji, Kyoto, kuna jengo liitwalo Mieidō, maana yake ukumbi wa sura tukufu. Ndani yake kuna sanamu ya mbao ya Kūkai iliyochongwa mwaka 1233 na Kōshō, mtoto wa mchongaji mkubwa Unkei. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi watawa humwandalia chakula: sinia la kwanza, sinia la pili, kisha chai. Kule Mlima Kōya, alikozikwa (waumini hawasemi amezikwa, wanasema ameingia katika tafakuri mwaka 835 na bado yumo), hupelekewa chakula mara mbili kwa siku.

Nitaendelea na historia yenyewe. Mwenye swali aulize tu.

Fundi Rangi

Mkuu, nipo, endelea. Mimi ni mchoraji, nataka kujua nani alizichora na kwa vifaa gani.

Kalamu ya Mwanzi

Fundi, hapo ndipo penye utamu.

Mwaka 804 Kūkai alipanda merikebu ya ujumbe wa Japani kwenda China. Zilitoka merikebu nne, zikafika mbili. Ya kwake ilipeperushwa hadi pwani ya Fujian, mbali kabisa na ilikokusudiwa, na ikabidi wasafiri nchi kavu hadi mji mkuu Chang'an, ambao leo ni Xi'an. Huko akakutana na Huiguo, mwalimu wa hekalu la Qinglong, ambaye Wajapani humwita Keika. Kwa maelezo ya Kūkai mwenyewe, Huiguo alimwambia kwamba alikuwa akimngoja kwa muda mrefu na kwamba maisha yake yanaelekea ukingoni.

Mzee alikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyozaa picha. Alimwambia Kūkai kwamba mafundisho haya ni ya kina mno, kalamu na wino haviyabebi, lazima yafunuliwe kwa michoro. Akamwita mchoraji wa Kichina, Li Zhen, pamoja na wachoraji wengine zaidi ya kumi, wakachora mandala kubwa, yaani michoro ya ulimwengu wa Mabudha, na picha za walimu. Huiguo akafariki mwishoni mwa mwaka 805. Kūkai ndiye aliyeandika maneno ya jiwe lake la kumbukumbu, mgeni ambaye hajamaliza hata mwaka mbele ya mwalimu wake. Mwaka 806 akarudi Japani.

Katika orodha aliyoikabidhi serikali ya vitu alivyorudi navyo, zimo picha tano za walimu: Vajrabodhi, Śubhakarasiṃha, Amoghavajra, Yixing, na Huiguo mwenyewe. Tafadhali kaeni kidogo na hilo la mwisho. Mzee anayejijua anaondoka anaagiza sura yake ichorwe ili ivuke bahari na mwanafunzi.

Mwaka 821 Kūkai akaagiza mbili zaidi zichorwe Japani, za Nāgārjuna na Nāgabodhi, walimu wa kale wa India. Zikawa saba. Zote saba ziko Tō-ji hadi leo, ni Hazina ya Taifa.

Kila moja ni hariri ya kama mita mbili kwenda juu na mita moja na nusu upana. Majina ya walimu yameandikwa kwa hati mbili, ya Kihindi na ya Kichina, kwa mtindo uitwao weupe unaoruka: brashi bapa hupita hivi kwamba ndani ya kila mkwaju wa herufi huonekana michirizi ya hariri isiyoguswa na wino. Kūkai alikuwa miongoni mwa waandishi wa hati wakubwa wa zama zake, na maandishi hayo yananasibishwa naye.

Nyingi zimechakaa. Unaona bega, unaona ukingo wa joho, kisha unaona hariri iliyogeuka kahawia tupu. Iliyosalimika vizuri zaidi ni ya Amoghavajra. Mstari wa Li Zhen ni mwembamba, una unene uleule tangu unapoanza hadi unapoishia, kama waya. Hakuna kupiga brashi kwa madoido. Kwa mstari huo mmoja anakupa pua ya mtu aliyetoka mbali, mashavu ya mzee, na mikono iliyofungamana vidole mbele ya kifua. Na kwa vile Li Zhen hana kazi nyingine iliyobaki duniani, kila tunachojua kuhusu mkono wake kimo mle.

Fundi Rangi

Asante sana. Rangi za aina gani?

Kalamu ya Mwanzi

Rangi za mawe, Fundi. Bluu ya azuriti, kijani cha malakiti, nyekundu ya sinaba, zikisagwa na kuchanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama. Wachoraji wa Kibudha wa Japani walikuwa na ufundi mmoja ambao utaupenda: walipaka rangi upande wa nyuma wa hariri. Hariri ikiwa imewambwa kwenye fremu, unageuza, unapaka nyuma nyeupe au rangi ya ngozi, na mbele inatokea kwa upole kupitia nyuzi. Kisha mbele unaweka mstari na vivuli. Ndiyo sababu nyuso hizi zinaonekana zina damu ndani yake.

Na ndiyo sababu zinateseka. Fikiria hariri ya zaidi ya miaka elfu, inafunguliwa kwa ibada, inakunjwa, inafunguliwa tena, na moshi wa ubani unaipita kila mara.

Mgosi wa Pangani

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nauliza kwa heshima. Mimi ni Mwislamu, kwetu picha haziingii msikitini. Lakini kuna kitu umekieleza nimekitambua. Katika twarika, sisi watu wa Qadiria, tunayo silsila. Unasoma majina ya mashehe mmoja baada ya mwingine, fulani kapokea kwa fulani, mpaka kwa Mtume (SAW). Je, hizi picha ni silsila? Na kama ni silsila, kwa nini majina hayakutosha?

Kalamu ya Mwanzi

Wa alaykum salaam, Mgosi. Umegonga penyewe, na umenipa neno nililokuwa nikilitafuta.

Ndiyo, ni mnyororo wa upokezi. Shingon haisomwi vitabuni ukaiweza peke yako. Unaipokea kwa mwalimu, mdomo kwa sikio, mkono kwa mkono. Ibada ya kupokelewa huitwa kanjō. Mwanafunzi hufungwa kitambaa machoni, hupelekwa mbele ya mandala, hutupa ua, na pale ua linapoangukia ndipo penye kifungo chake na Mabudha. Ua la Kūkai mwaka 805 liliangukia katikati, kwa Dainichi, Budha mkuu wa Shingon, mara zote mbili, katika mandala zote mbili. Sasa, katika ukumbi wa ibada hiyo, kuta mbili hupambwa kwa picha za walimu, wanne huku na wanne kule. Mwanafunzi anapita katikati yao. Wale waliopokea kabla yake wamekaa pale wakishuhudia akipokea.

Kwa nini majina hayakutosha? Jibu langu ni mikono. Elimu hii inapitia mambo matatu: mwili, kauli na moyo. Kauli unaweza kuiandika. Mkao wa mwili lazima uonyeshwe, na kwenye picha kila mwalimu anaonyesha wake. Nāgārjuna ameshika vajra ya ncha tatu. Nāgabodhi ameshika msahafu wa sutra, maandiko ya Kibudha. Vajrabodhi ana tasbihi. Amoghavajra amefunga vidole. Śubhakarasiṃha ameinua kidole cha shahada. Yixing mikono yake imo ndani ya joho, inafanya ishara ambayo sisi hatuioni. Huiguo amekaa na mtoto mhudumu pembeni yake. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja huwatambua wote nane kwa mikono.

Yixing nampenda mno. Huyu alikuwa mtawa na pia mwanafalaki mkubwa wa enzi ya Tang. Ndiye aliyetengeneza kalenda mpya ya serikali na kusimamia vipimo vya kivuli cha jua toka kusini hadi kaskazini mwa China. Alifariki mwaka 727. Mtu aliyepima anga, halafu anachorwa mikono ameificha.

Mama Tumaini

Mleta uzi umesema wote nane, lakini mwanzo ulisema saba. Nifafanulie.

Kalamu ya Mwanzi

Uko sahihi, mama. Wa nane ni Kūkai mwenyewe. Hakujiweka. Waliomfuata ndio waliomwongeza, na ilivyo haki, kwa kuwa mnyororo haukuishia kwa Huiguo. Katika mnara wa ngazi tano wa hekalu la Daigo-ji, uliokamilika mwaka 951, walimu hawa wamechorwa kwenye mbao za ndani ya chumba cha chini, na Kūkai yumo. Hiyo ndiyo picha yake ya zamani zaidi iliyobaki.

Kuna orodha mbili za nane, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya upokezi wenyewe: inaanza na Dainichi na Vajrasattva, ambao si watu wa mwili na damu, ndipo wanafuata Nāgārjuna na wengine hadi Kūkai. Ya pili ndiyo ya picha. Humo wale wawili wa mwanzo hawamo, na nafasi zao zimechukuliwa na Śubhakarasiṃha na Yixing, waliotafsiri na kueleza sutra ya Dainichi China. Kwa hiyo ukutani unaona watawa tu, watu waliokula, wakasafiri, wakaugua.

Na walisafiri kweli. Vajrabodhi alifika China kwa njia ya bahari akipitia Sri Lanka na Sumatra. Amoghavajra alikwenda Sri Lanka mwaka 741 kutafuta maandiko, akaingia tena China mwaka 746. Bahari ni hii hii yetu ya Hindi, na pepo ni za msimu, ndugu yake kaskazi na kusi.

Bundi wa Tabora

Swali la mtu mwenye shaka, usikasirike. Unajuaje kwamba Kūkai alifanana na hiyo picha? Mtu alifariki mwaka 835.

Kalamu ya Mwanzi

Sikasiriki kabisa, ni swali zuri.

Simulizi ya Mlima Kōya ni hii. Siku chache kabla Kūkai hajaingia katika tafakuri yake ya mwisho, mwanafunzi wake Shinnyo alimchora akiwa hai. Picha ilipofika kwenye macho, Kūkai akachukua brashi, akayatia mboni mwenyewe. Picha hiyo inasemwa imo katika Mieidō ya Kōya. Haionyeshwi. Jengo la sasa ni la mwaka 1848, baada ya moto, na usiku mmoja kwa mwaka waumini huruhusiwa kuingia hadi chumba cha nje, lakini picha yenyewe haifunuliwi.

Kwa hiyo picha zote zile zenye kiti, vajra na viatu huitwa za mtindo wa Shinnyo, na ni nakala za nakala ya picha isiyoonekana. Kama unataka ushahidi wa mahakamani, sina. Ila angalia uzito wa mkono. Wanakili wa karne na karne hawakuthubutu kunyoosha kile kifundo cha mkono wa kulia. Kiganja kimegeuzwa kutazama nje huku vajra imelala kifuani. Chukua kijiko cha mbao ujaribu: kifundo kinagoma. Mchoraji anayebuni mtu mtukufu angempa mkono uliostarehe. Huu unafanana na mkono ambao mtu aliuona, akaushangaa, akauchora ulivyo. Sisemi nimethibitisha. Nasema mimi unanishawishi.

Na huyo Shinnyo, Bundi, ana kisa chake. Alikuwa mwana wa mfalme Heizei, na mrithi wa kiti. Baada ya msukosuko wa mwaka 810 akavuliwa urithi, akawa mtawa, akaenda kwa Kūkai. Mwaka 862, umri umeshapita miaka sitini, akavuka kwenda China. Hakuridhika. Mwaka 865 akaondoka Guangzhou kuelekea India, kwenye chanzo cha mnyororo. Hakufika. Habari zilizorudi Japani zilisema alifia njiani, upande wa Rasi ya Malaya kwa wanavyodhani wengi. Mtu aliyechora sura ya mwalimu wake ndiye aliyetoka uzeeni kuwafuata walimu wa mwalimu wake.

Mama Tumaini

Nimesoma hilo la Shinnyo mara mbili, limenigusa. Mimi ni Mkatoliki, nyumbani nina picha ya Bikira Maria na ya Mtakatifu Yosefu, na najua watu wanavyotusema kwamba tunaabudu karatasi. Naomba kuuliza: wanawake nao waliruhusiwa mbele ya picha hizi?

Kalamu ya Mwanzi

Mama, sitakuficha. Mlima Kōya ulikuwa marufuku kwa wanawake kwa karne nyingi, hadi serikali ilipoondoa katazo mwaka 1872. Walikuwa wanafika kwenye malango ya mlima na kusali katika nyumba zilizoitwa Nyonindō, ukumbi wa wanawake. Zilikuwa saba, imebaki moja. Nimesimama mlangoni pake. Waliotembea siku nyingi mpaka pale waliishia pale, na linaniuma kila nikilikumbuka.

Lakini sura ya Kūkai haikukaa mlimani. Kule kisiwa cha Shikoku, alikozaliwa, mahekalu 88 ya hija yote yana ukumbi wake pembeni ya ukumbi mkuu. Njia ni kama kilomita 1,200, na mahujaji huvaa maandishi yanayosema kwamba wanasafiri watu wawili, hata aliye peke yake, kwa kuwa Kūkai yuko naye. Nyumba za kawaida nazo zilitundika picha yake. Hapo ndipo mwanamke ambaye mlima ulimkataa aliweza kukaa naye uso kwa uso.

Na kuna picha moja ambayo kwa kweli naamini iligusa akina mama kuliko zote: Kūkai mtoto. Ana kama miaka mitano au sita, nywele zimeanguka mabegani, mashavu ya duara, amepiga magoti juu ya ua la yungiyungi ndani ya duara la mwanga, viganja vimekutana. Inatokana na simulizi kwamba utotoni aliota amekaa juu ya yungiyungi akizungumza na Mabudha. Hana kiti, hana vajra, hana viatu. Mmoja wa michoro hiyo uko katika jumba la sanaa la Chicago.

Bundi wa Tabora

Na Tendai je, yale madhehebu mengine ya Kibudha ya Japani? Nilisikia nao wana elimu ya batini.

Kalamu ya Mwanzi

Wanayo, na wana picha zao. Saichō, mwasisi wao, alikuwa kwenye msafara uleule wa mwaka 804, merikebu nyingine. Hekalu la Ichijō-ji, mkoa wa Hyōgo, lina picha kumi za karne ya 11 za walimu wa Tendai. Na hekalu la Mii-dera lina sanamu za Enchin, aliyefariki mwaka 891, kichwa chake kimechongoka juu kama yai. Mojawapo inaaminika imewekwa mabaki yake ndani. Tendai inastahili uzi wake, hapa nitaibana tu.

Msafiri wa Kobe

Kaka, nimekuwa nikisoma kimyakimya. Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi Kobe mwaka wa tatu huu. Kyoto nimeshaenda mara nyingi na sikuwahi kujua haya. Tō-ji nimepita nje tu, nikauona mnara kutoka kwenye treni. Tarehe 21 mwezi huu nina likizo. Naweza kuingia asubuhi hiyo ya chakula, au ni ya waumini peke yao?

Kalamu ya Mwanzi

Unaweza kabisa, na umechagua siku. Tarehe 21 ndiyo siku ya Kūkai, kila mwezi kunakuwa na gulio kubwa uwanjani. Nenda mapema kabla wachuuzi hawajajaa. Lala Kyoto usiku wa kuamkia, maana toka Kobe hutawahi. Kutoka stesheni kuu ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu kuelekea kusini-magharibi, na malango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri.

Zile picha saba za walimu usitegemee kuziona. Zinatolewa kwa nadra sana, na ndiyo heri yao. Utakayemwona ni Kūkai wa sanamu ya Kōshō, ya mwaka 1233, na ndiye utakayemwona akihudumiwa.

Vua viatu mlangoni pa Mieidō, uvipange vizuri. Ingia, kaa nyuma ya wazee, wengi wao wanakuja kila siku na kila mmoja ana mahali pake. Utasikia kuimba, utaona masinia yakipelekwa mbele, kisha chai. Simu izime. Mwishoni mtawa hupita akiwa na chombo chenye masalia ya Budha ambayo Kūkai alirudi nayo toka China, akiwagusisha watu kichwani na viganjani. Kama hutaki kwa imani yako, baki umekaa ulipo, hakuna atakayekulazimisha. Kama unataka, songa mbele, inamisha kichwa, kisha fungua viganja vyote viwili.

Msafiri wa Kobe

Nimeandika yote. Nitaleta mrejesho hapa hapa tarehe 21 jioni.